Jina kufanana si ushahidi wa nasaba

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wasomaji wanaofuatilia ukoo wa walowezi wa Kiingereza waliotua New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, miaka ya 1620 na 1630. Wengi huanzia Uingereza: wanaona mtoto wa jina hilohilo kabatizwa mwaka unaoelekea, basi ndiye. Kina John Smith walikuwa wangapi?

Kabla hujavuka bahari, maliza nyaraka za Marekani: wosia, orodha ya mali ya marehemu, hati za ardhi, mashauri ya mahakamani, daftari la kanisa. Humo usimtafute yeye tu, tafuta waliomzunguka: shahidi wa wosia, shemeji, jirani wa kiwanja. Mara nyingi watu wa sehemu moja walihama pamoja, na jirani mwenye jina adimu hukufikisha kijijini upesi kuliko mlowezi mwenyewe.

Rejista za parokia za Uingereza ziliamriwa 1538, ila nyingi za mwanzo zimepotea. Ukikuta pengo, ulizia nakala ambazo parokia zilitakiwa kumpelekea askofu kila mwaka tangu 1598. Ukipata ubatizo, pekua na mazishi. Huenda mtoto unayemshangilia alizikwa mchanga.

Wosia ndio hufungua mlango. Augustine Walker wa Great Amwell, Hertfordshire, Uingereza, katika wosia wake wa 1613 alimtaja binti yake Elizabeth, mke wa Richard Warren, na watoto wao Mary, Ann na Sarah. Richard Warren wa Mayflower, merikebu iliyoleta walowezi 1620, naye mkewe ni Elizabeth, na mabinti zake wakubwa ni hao hao watatu. Jina la Warren peke yake lisingetosha.

Tarehe nazo ni mtego. Hadi 1752 mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. John Howland wa Plymouth, koloni la New England, aliandika wosia 29 Mei 1672, na kwa hesabu ya wakati wake alifariki 23 Februari 1672. Asiyejua atadhani maiti iliandika wosia. Februari hiyo kwetu ni ya 1673, ndiyo maana huandikwa 1672/3. Nakili hivyohivyo, usiisahihishe kimyakimya.

Mke wa Howland huyo, Elizabeth, kwa muda mrefu alidaiwa kuwa binti wa gavana John Carver. Muswada wa gavana William Bradford wa historia ya koloni hilo, uliokuwa umepotea, ulipoonekana London na kuchapishwa 1856, ikajulikana babake ni John Tilley. Nasaba zilizotangulia mwaka huo zisome kwa tahadhari.

Za Gustave Anjou ni balaa jingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliwauzia Wamarekani matajiri nasaba za kughushi, zenye marejeo ya wosia na ubatizo ambao haukuwahi kuwepo. Ukikuta jina lake chini ya ukurasa, rudi kwenye rejista yenyewe.

Mtafiti wa nasaba