Aliyekamatwa kwa ugaidi bado hajahukumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba mtu aliyekamatwa kwa ugaidi hastahili wakili wala kesi ya kupoteza muda, na kwamba wanaodai haki za watu kama hao wanawasaidia wauaji. Hasira yake naielewa. Aliyesikia yaliyotokea Komanda, mkoani Ituri, mashariki mwa nchi yetu ya Kongo, tarehe 27 Julai 2025, ambako watu zaidi ya 40 waliuawa na wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, wengi wao wakiwa kanisani, hawezi kulizungumzia jambo hili kana kwamba halimhusu. Lakini hoja yote ya ndugu yetu imesimama juu ya jambo moja ambalo hakulithibitisha, yaani kwamba aliyekamatwa ndiye aliyeua. Hapo ndipo tunapoachana, na kwa kuwa ni suala la uhai wa watu, naomba univumilie nikirefusha kidogo.

Sisi wa Lubumbashi si wageni wa mambo haya. Tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga, wapiganaji wanaotaka Katanga ijitenge, waliingia mjini, na Februari 2021 kambi za jeshi zilishambuliwa alfajiri. Kila baada ya tukio la namna hiyo hufuata msako, na katika msako kijana aliyekutwa na kitambaa chekundu au hirizi, au aliyetoka tu kijiji kinachotiliwa shaka, huweza kuondoka mikononi mwa wenziwe akiwa tayari ameshapewa jina la mhalifu. Wazee walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Kazi ya sheria ni kuwatenganisha wawili hao, na haiwezi kuifanya ikiwa mtego wenyewe unaua.

Mama mmoja, jirani yangu hapa Katuba, alimtafuta mwanawe kwa wiki nyingi. Kila asubuhi alipika bukari na lengalenga, akavitia katika bakuli la plastiki lenye kifuniko, akabandika karatasi yenye jina la mwanawe, kisha akaenda kusimama kwenye lango la idara moja ya usalama. Wanaojua kasho zetu, yaani vyumba vya mahabusu, wanajua kwamba mahabusu hula kile anacholetewa na ndugu zake, kwa hiyo bakuli hilo ni chakula na ni swali pia: likipokelewa, mtu yupo, likirudi tupu, mtu yu hai. La mama huyu lilirudishwa kila siku likiwa limejaa, na aliyekuwa langoni akamwambia kwamba mtu wa jina hilo hayupo. Alikuwapo. Aliachiliwa baadaye bila kufikishwa kwa hakimu na bila kupewa karatasi yoyote, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Kwa alivyoelewa mwenyewe, alifanana jina na mtu aliyekuwa akitafutwa.

Ninayoyadai hayakuletwa na watu wa nje. Katiba tuliyojipatia mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 18 kwamba anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa, kwamba aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake au wakili wake, na kwamba asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiliwa au kukabidhiwa kwa wenye mamlaka ya sheria. Kifungu cha 61 kinakwenda mbali zaidi. Hata nchi ikiwa katika hali ya dharura, kama Kivu Kaskazini na Ituri zilivyowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, marufuku ya mateso na haki ya kujitetea haviguswi. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 nayo iliyafanya mateso kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha miaka mingi. Hakuna mahali ambapo maandishi haya yanasema, «isipokuwa kwa magaidi». Waliotunga Katiba walikuwa wametoka vitani na walijua vizuri kwamba siku ya hofu ndiyo siku ambayo mtu wa serikali atatafuta mlango wa kutokea.

Msomaji mwenzetu aliitaja Marekani kama mfano wa taifa lisilocheza na magaidi. Ni vizuri ameitaja, maana tumeshaona njia hiyo ilikoifikisha. Tarehe 11 Januari 2002 wafungwa wa kwanza walishushwa Guantánamo, kwenye kituo cha jeshi kilichopo kisiwani Cuba, mahali palipochaguliwa ili mahakama za Marekani zisiwafikie. Kwa miaka iliyofuata walipita hapo watu wapatao 780. Ilikuwa Juni 2008 ndipo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba wafungwa hao wana haki ya kikatiba ya kumuomba jaji achunguze uhalali wa kufungwa kwao. Rais Obama aliamuru mwaka 2009 gereza lifungwe katika muda wa mwaka mmoja, na mwanzoni mwa 2025 walikuwa bado wamo watu 15. Idadi kubwa ya wale 780 walirudishwa kwao au kupelekwa nchi nyingine bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Na ripoti ya Seneti ya Desemba 2014 juu ya magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikiri kwamba kati ya watu 119 waliofungwa humo, angalau 26 hawakupaswa kushikwa hata kwa masharti ya CIA yenyewe.

Miongoni mwa waliopitia magereza hayo ya siri alikuwamo Mtanzania, Suleiman Abdallah Salim, Mswahili ambaye tungezungumza naye bila mkalimani. Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapelekwa Afghanistan, akateswa, akashikiliwa kwa muda wa miaka 5, kisha mwaka 2008 akaachiliwa akiwa na karatasi inayosema kwamba si tishio kwa Marekani. Nikisoma habari zake namkumbuka kijana wa Katuba, ambaye hata hiyo karatasi hakuipata.

Lakini mfano ninaotaka ndugu yetu auzingatie zaidi ni wa mtu aliyekuwa na hatia. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na watu 224 wakafa, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia. Ahmed Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa mikononi mwa CIA, akapelekwa Guantánamo, na hatimaye mwaka 2010 akasimamishwa mbele ya mahakama ya kiraia New York akiwa na mashtaka 285. Shahidi mkuu alikuwa mtu aliyesema kwamba alimuuzia baruti. Jaji alimkataa shahidi huyo, kwa sababu serikali ilimjua kutokana na maneno ambayo Ghailani alitolewa kwa kulazimishwa akiwa katika gereza la siri. Baraza la mahakama likamwachia huru katika mashtaka 284, likamkuta na hatia katika moja tu. Hilo moja lilitosha kumpatia kifungo cha maisha, na wapo waliosema kwamba basi hakuna kilichoharibika. Mimi naona kiliharibika kitu kikubwa. Familia za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa na haki ya kusikia mahakama ikitamka nani aliwaua ndugu zao, mmoja mmoja, na haki hiyo ilipotea katika chumba cha mateso miaka mingi kabla jaji hajafungua jalada. Waliomtesa walidhani wanawatendea wema waliouawa.

Sasa turudi kwetu, maana ya kwetu ndiyo tunayoweza kuyarekebisha. Kwa sheria ya jinai ya kijeshi ya mwaka 2002, kosa la ugaidi husikilizwa na mahakama za kijeshi, hata mshtakiwa akiwa raia. Mara nyingi mtu huwekwa mbele ya maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa asichokisoma, akaambiwa aweke sahihi au dole gumba, kisha maelezo hayo ndiyo yanayobeba kesi. Machi 2024 serikali iliondoa usitisho wa kutekeleza hukumu ya kifo uliokuwapo tangu 2003, ikitaja usaliti na ugaidi miongoni mwa sababu. Tukiunganisha mambo haya matatu, yaani mateso yasiyochunguzwa, sahihi isiyoelewa inachokitia muhuri na adhabu isiyorudishwa nyuma, tunapata uwezekano wa kumuua mtu kwa niaba ya taifa kwa kosa la mwingine. Ndugu yetu anaita huo uthabiti. Mimi naomba anieleze utamfaa nini yatima wa Komanda.

Atanijibu kwamba magereza yetu hayawezi kuwazuia, na hapo nakiri ana hoja nzito. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza la Kangbayi mjini Beni lilivamiwa na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Hapa kwetu, Gédéon Kyungu, kiongozi wa Bakata Katanga, aliyehukumiwa kifo mwaka 2009 na mahakama ya kijeshi kwa makosa yaliyojumuisha ugaidi na uhalifu dhidi ya ubinadamu, alitolewa katika gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, na watu wenye silaha mwezi Septemba 2011. Na aliporudi kutoka porini Oktoba 2016 alipokewa na wakubwa kwa heshima, akaishi mjini kama mgeni wa serikali hadi alipotoweka tena Machi 2020. Nani alimtorosha mtu huyo? Si wakili, wala si kifungu cha 18. Wakati mwenye hukumu alipokuwa akipokewa hivyo, watu wasio na hukumu walikuwa wakilala kwa zamu ndani ya Kasapa iliyojaa kupita kiasi. Humo humo, katika ghasia za Septemba 2020, wafungwa wanawake walibakwa kwa siku tatu huku dola iliyowafungia ikishindwa kuwafikia. Ukali wetu, kwa jinsi ninavyouona, umekuwa ukiwaangukia wasio na mtu wa kuwapigia simu.

Kwa hiyo siombi mtu yeyote alegezewe. Walioua wakamatwe, washtakiwe, wahukumiwe hadharani, na walionusurika wakae kiti cha mbele. Ninaloomba ni kwamba waendesha mashtaka watumie mamlaka waliyonayo ya kuingia katika kila mahali panapofungiwa watu, pamoja na mahabusu za idara za usalama, ambazo Rais Tshisekedi aliahidi mwaka 2019 kuzifunga zile zisizo halali, na kwamba orodha ya walioshikiliwa iwepo langoni ili mzazi ajibiwe ukweli. Jaji anayeletewa ungamo aulize kwanza lilipatikanaje, na daktari amwone mahabusu kabla ya kesi.

Nawe Ndugu Mhariri, kuna sehemu iliyo mikononi mwako. Magazeti yetu hupenda picha ile ya vijana walioketishwa chini mbele ya kamera, bunduki na hirizi zikiwa zimepangwa miguuni mwao, na juu yake maneno «Magaidi wakamatwa». Naomba gazeti lako liwaite washukiwa hadi siku ya hukumu na liwafiche sura. Naomba pia, baada ya miezi sita, mwandishi wako aende kuuliza kuhusu kila mmoja wao: yuko wapi, alishtakiwa kwa nini, mahakama ipi ilimsikiliza na iliamua nini, na majibu hayo yachapishwe katika ukurasa ule ule uliotoa picha.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Katuba, Lubumbashi