Walawi walibeba nini? Jibu lipo kwenye ukoo

Mhariri,

Katika mashindano ya maswali ya Biblia kwa watoto wa Shule ya Jumapili, hapa mjini na hata kule Kongwa na Mpwapwa, swali la "Nani walibeba hema ya kukutania?" hujibiwa "Walawi", na mtoto akapewa maksi zote. Jibu hilo ni nusu. Tunaomba waandaaji wa maswali waache kulikubali, maana kitabu cha Hesabu, sura ya 3 na ya 4, kimegawa kazi hiyo ukoo kwa ukoo, mzigo kwa mzigo.

Wana wa Lawi, baba wa kabila la Walawi, ni Gershoni, Kohathi na Merari. Wagershoni walipiga kambi magharibi, nyuma ya maskani (ndiyo hema hiyo ya ibada iliyohamishwa jangwani), nao walitunza mapazia ya maskani, vifuniko vyake, pazia la mlangoni na chandarua za ua. Wamerari, upande wa kaskazini, walikabidhiwa mbao, mataruma (miti ya kuunganisha mbao), nguzo, vitako vya kusimamishia mbao na nguzo, na vigingi. Wakohathi, kusini, walibeba sanduku la agano, meza, kinara cha taa na madhabahu mbili pamoja na vyombo vyake. Mashariki palikuwa pa Musa, Haruni na wanawe. Hapa pana mtego unaowanasa hata walimu: pazia la sitara, lililotenga patakatifu pa patakatifu, ni kitambaa, lakini halikuwa mzigo wa Wagershoni. Lilifunika sanduku safarini, kwa hiyo lilikwenda na Wakohathi.

Sababu ya mgawanyo huu inaonekana vizuri zaidi katika sura ya 7. Wakuu wa Israeli walitoa magari 6 na ng'ombe 12. Wagershoni wakapewa magari 2 na ng'ombe 4, Wamerari magari 4 na ng'ombe 8. Huo haukuwa upendeleo. Mbao zilikuwa 48, kila moja dhiraa 10 kwa urefu, kama mita 4 na nusu. Vitako vya fedha vilikuwa 100, kila kimoja talanta moja, na talanta ni kama kilo 34. Vitako hivyo peke yake vinapita tani 3, bado hujapakia nguzo 60 za ua na vitako vyake vya shaba. Mfugaji wa Ugogo aliyewahi kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni hahitaji kuelezwa zaidi. Tena Wamerari, waliokuwa wachache kuliko wote kwa hesabu ya wanaume kuanzia mwezi mmoja (6,200), ndio waliotoa watu wengi zaidi wa kazi wa miaka 30 hadi 50: watu 3,200, wakati Wakohathi walikuwa 2,750 na Wagershoni 2,630.

Wakohathi hawakupewa gari hata moja. Mzigo wao ulikuwa wa mabegani, na hawakuufunga wenyewe. Kambi ilipong'oka, Haruni na wanawe waliingia kwanza, wakashusha pazia la sitara na kulifunika sanduku, juu yake ngozi, kisha nguo ya samawi (buluu) tupu. Vyombo vingine ngozi ilikuwa juu kabisa. Sanduku pekee lilisafiri likionekana samawi. Madhabahu ya shaba iliondolewa majivu kabla ya kutandikwa nguo ya zambarau. Yote yakiisha kufunikwa, ndipo Wakohathi walikuja kuinua. Aliyegusa au kuchungulia alikufa.

Ndiyo maana kisa cha Uza, aliyekufa Daudi alipokuwa akilihamishia sanduku Yerusalemu, hufundishwa nusunusu. Watoto huambiwa alikufa kwa sababu aligusa sanduku. Ni kweli, lakini kosa lilianza mapema, siku sanduku lilipopakiwa kwenye gari jipya la ng'ombe. Daudi alilitambua hilo, na safari ya pili, katika 1 Mambo ya Nyakati 15, Walawi walilichukua mabegani kwa miti yake.

Safu ya msafara nayo isirukwe. Wagershoni na Wamerari waliondoka nyuma ya kabila la Yuda, Wakohathi wakafuata baada ya kabila la Reubeni, ili wakute maskani imekwisha kusimamishwa, vyombo vitakatifu visikae nje vikisubiri.

Kuhusu ukuhani, ulikuwa wa nyumba ya Haruni peke yake, tawi moja tu la Kohathi. Kora, aliyewaasi Musa na Haruni, naye alikuwa Mkohathi, lakini hakuwa kuhani, na uasi wake ulitokana na hapo.

Vikundi vya sifa vinavyojiita "Walawi" vina haki yao, kwani waimbaji wakuu wa Daudi walikuwa Walawi: Asafu alikuwa Mgershoni, Hemani Mkohathi na Ethani Mmerari. Ila katika hesabu ya Daudi ya Walawi 38,000, waimbaji walikuwa 4,000, mabawabu 4,000, maofisa na waamuzi 6,000. Waliobaki, 24,000, walisimamia kazi ya nyumba ya Bwana. Jina hilo basi liwafikie pia wanaofagia kanisa, wanaopanga viti na wanaolinda mlango.

Kwa waandaaji: swali liulize ukoo, mzigo, idadi ya magari na msimamizi. Kati ya wana wa Haruni, Ithamari aliwasimamia Wagershoni na Wamerari, Eleazari akawasimamia Wakohathi.

Walimu wa Shule ya Jumapili,
Dodoma