Mwanangu, anzeni hata na sahani moja ya embe

Mwanangu kipenzi,

Hujambo mama, na mjukuu wangu hajambo? Juzi uliponipigia ukasema watoto likizo ikifika ni simu na katuni tu, ukaniuliza "mama, nyie mliwezaje kutuwekea zile siku zetu za familia za kila mwaka", nilikujibu haraka haraka maana nilikuwa na maharage jikoni, ila usiku nikalifikiria sana, nikaona nikuandikie.

Zile siku hatukuzipanga mwanangu. Tulifika Dodoma baba yako kahamishiwa kazi, hatuna ndugu hata mmoja, mimi nina mimba ya kaka yako. Jirani yetu, yule bibi wa Kigogo aliyekuwa anakuita "mjukuu wangu" mbele za watu mpaka wakaamini, ndo akaja siku moja mwezi wa tatu akaniambia chukua kikapu twende tukachume mlenda. Mimi nikajua ni mboga ya jioni ile. Kumbe huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, ikikata imekata, kwa hiyo wenyeji wanachuma majani yakiwepo, wanaanika, wanatwanga, unga wake unawekwa kwa ajili ya ile miezi mikavu ambayo nje hakuna hata jani la kuchuma. Mwezi wa kumi yule bibi akanipikia ule ule mlenda tuliochuma wote, na karanga na magadi kidogo, na ugali wa uwele, nikala nikamkumbuka mama yangu nikalia pale pale mbele yake.

Mwaka uliofuata akaja na wajukuu zake, afu mama wa nyumba ya pili akasikia, afu rafiki zangu wawili wa kazini wakaleta watoto wao. Tukasema basi iwe kila Jumamosi ya kwanza ya Aprili, majani tumeshayaanika kwenye mkeka siku kadhaa, siku hiyo ni kutwanga na kula. Unakumbuka majani yakikauka vizuri yanavyovunjika kwenye vidole kama karatasi? Na mlivyokuwa mnagombania chekeche, unga wa kijani umejaa mpaka kwenye kope za macho, kaka yako anapiga chafya hamalizi. Hakuna aliyewaambia mcheze nje au muache tivii, mlikuwa na kazi ya kweli, mlenda wenu usipotwangwa na nyie hauliwi. Mwaka 2023 Jumamosi yetu iliangukia ndani ya Ramadhani, wewe hukuwepo, tukatwanga asubuhi kama kawaida ila chakula tukakisogeza mpaka magharibi ili wenzetu wafuturu tule wote, na ule mlenda ukakaa kwenye futari pembeni ya uji na tende. Sikumbuki mwaka uliokuwa mtamu kama ule.

Nane Nane nayo ilikuja hivyo hivyo. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima, watu hawaendi kazini, na huku zabibu zina misimu miwili, huo wa Agosti na Septemba na ule wa Februari na Machi, sasa baada ya kuzunguka na nyie maonesho pale Nzuguni tukawa tunapitia kreti moja ya zabibu nyeusi, jioni tunawasha moto uani maana upepo wa Agosti wa Dodoma unaujua, watoto wanakula zabibu na mashuka mabegani mpaka midomo inakuwa ya zambarau. Hiyo ndo ilikuwa sherehe nzima.

Sasa nikwambie nilipokosea, maana hili ndo lililonifanya niandike. Mwaka mmoja nikataka tuikuze ile Jumamosi ya kutwanga. Nikasema tukodi turubai, viti, spika, kinamama tushone kitenge cha sare, kila familia mchango elfu thelathini, nikafungua na grupu la wasap la kukumbushana nani bado. Rafiki yangu mmoja, mume wake alikuwa amesimamishwa kazi, akaandika kwamba hawatakuja, mtoto anaumwa. Siku hiyo tulipendeza sana, picha zipo. Jioni nikampelekea chakula cha mgonjwa. Nikamkuta yule mtoto amesimama getini mzima kabisa, ameshika kopo la maziwa ya unga limeoshwa likang'aa, lile wanalowekea mlenda wao kila mwaka, akaniuliza "shikamoo mama, mmeshamaliza kutwanga?" Mwanangu, sikuwa na jibu. Tangu siku ile hakuna mchango, hakuna sare, mtu anakuja na alichonacho ndani, hata kama ni chumvi, hata kama ni mikono tu. Ukiona siku ya familia inamfanya mtu atafute kisingizio cha kutokuja, hiyo imeshaharibika hata kama pilau imeiva.

Kwa hiyo huko Dar usihangaike kutafuta mlenda, angalia msimu wa huko unaleta nini. Mwisho wa mwaka embe zimejaa kila kona, chagua Jumamosi moja ya Desemba, ita familia mbili tu ambazo watoto wao wanazoeana na wako, wape watoto kisu kisicho kali na beseni wamenye wenyewe, hata wakiharibu nusu. Mwaka wa kwanza watanuna mama, nakwambia ukweli, nyie pia mlinuna. Rudia tarehe ile ile na watu wale wale. Mwaka wa tatu ndo utasikia mtoto anauliza "ile ya embe lini?" Na yule dada wa chini anayekaa peke yake na mtoto wake, muite wa kwanza.

Baba yako anakuja Ijumaa na treni ya SGR, mpokee stesheni. Ana kopo mbili za mlenda wa mwaka huu, moja yako, moja umpe huyo dada. Na kwenye begi la bluu kuna ule mchi mdogo aliokuchongea ukiwa darasa la kwanza, bado una alama za meno ya kaka yako kule juu. Mpe mjukuu wangu aanze kutwangia karanga.

Nisalimie mkwe wangu.

Mama yako