Kabla hamjaleta dume

Leeds, 14 Machi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Minneapolis, wewe, shemeji na binti yetu. Sisi hatujambo, ila baridi bado haijataka kuondoka. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika pale unaposema muuzaji wa panya amewaambia mkitaka watoto mlete dume mumwache humo humo na majike, niliona nikujibu usiku huu huu, kabla Jumamosi haijafika.

Nianze na pua ya Halua, panya wenu mmoja, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Unasema sharubu zimeisha, manyoya ya juu ya mdomo yamekatwa kama kwa wembe, ngozi safi, na mwenzake Tende hana tatizo lolote. Kwa maelezo hayo nadhani Tende ndiye kinyozi. Panya wanaokaa pamoja hulambana na kusafishana, na wakati mwingine mmoja humnyoa mwenzake kwa meno. Mara nyingi mwenye sharubu zake kamili ndiye anayenyoa. Mnyolewaji hutulia tu, wala hakimbii. Kila nikiwatazama wangu nakumbuka bibi zetu walivyosema panya huuma huku anapuliza. Usiwatenganishe kwa sababu hiyo. Jike akiwekwa peke yake hudhoofika, kwa sababu wao hulala kwa kurundikana na joto la mwenzake ndilo blanketi lake. Waongezee shughuli: trei za mayai, karatasi za kuchana, mahali pa kujificha zaidi ya pamoja. Ukiona vidonda, au anajikuna bila kukoma, basi mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda ni utitiri.

Sasa suala la dume. Kitu kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba viumbe hawa wanaishi kwa pua. Sisi tunaona kizimba, maranda na gurudumu. Wao wanasoma nani amepita, lini, na ana hali gani. Dume hutembea akidondosha mkojo tone kwa tone, kama mtu anayepiga mhuri kila ukurasa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, si mbali na hapa, walieleza protini moja iliyomo kwenye mkojo wa dume, ndiyo inayomvuta jike na kumfanya aikariri harufu ya dume yule mmoja. Na miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1959, Hilda Bruce, mtafiti wa hapa hapa Uingereza, aligundua kwamba jike aliyepandwa karibuni, akinusa dume mgeni, mimba yake changa inaweza kutoka. Harufu tu, shoga yangu, bila hata kuguswa.

Ndiyo maana nakuomba msiingize dume kwa pupa. Majike wanaokaa wenyewe bila dume huwa wanachelewa kuingia kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa. Harufu ya dume ikifika, wengi huingia pamoja, mara nyingi siku ya 3. Kwa hiyo hutapata mzao mmoja wa kumfurahisha mtoto. Tende na Halua wanaweza kushika mimba usiku mmoja, na mimba ni siku 19 hadi 21 tu.

Mimi haya niliyajua kwa machozi. Nilinunua panya watatu nikaambiwa wote ni majike: Karanga, Kashata na Bisi. Alfajiri moja nikasikia vilio vyembamba kutoka kwenye kiota. Watoto 9 wa Karanga, wekundu kama kidole kilichochubuka, macho yamefungwa, ngozi nyembamba kiasi kwamba maziwa yalionekana tumboni kama doa jeupe. Siku mbili baadaye Kashata naye akazaa 8, mle mle kwenye kiota cha mwenzake. Nilidhani watagombana. Hapana, walichanganya watoto wote 17 wakawa wananyonyesha yeyote aliyefika kwenye titi. Mmoja akitoka kula, mwingine anawafunika. Kusema kweli sijaona ushirika wa namna ile hata kwa sisi wanadamu tuliolelewa nyumba moja.

Kosa langu lilikuwa Bisi. Kufikia hapo nilishajua kuwa ni dume, lakini nilimwonea huruma kumtoa. Alikuwa anawalalia watoto, anawapa joto, baba kweli kweli. Sikujua kwamba jike huingia kwenye joto tena ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Wiki tatu na siku chache baadaye, wale wa kwanza hawajaachishwa sawasawa, kukazaliwa wengine. Karanga aliisha mwili, mifupa ya mgongo unaihesabu. Nilimpa mayai ya kuchemsha na uji wa shayiri, nikamwokoa yeye, lakini watoto wake saba wa mzao ule wa pili walikufa mmoja mmoja. Niliwazika bustanini na kijana wangu, naye alikuwa na miaka minane. Aliniuliza kwa nini sikumtoa Bisi. Sikuwa na la kumjibu.

Halafu yakaja ya madume. Walipofika wiki 4 niliwahamisha madume wote wanane kwenye kizimba chao, na hapo nilifanya vizuri, maana kwenye wiki ya 5 au ya 6 dume anaweza kumpanda dada yake au hata mama yake. Waliishi kwa amani karibu mwezi mzima. Kisha nikaanza kusikia mikia ikipigwa sakafuni, tatatata, haraka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ukisikia sauti hiyo jua ugomvi umeshafika. Asubuhi moja nilikuta mmoja amekufa, mgongo na mkia umejaa meno ya ndugu zake. Ilinibidi niwatafutie vizimba kila mmoja chake, na kuwagawa kulinichukua miezi mitatu, kwa sababu watu wachache mno wanataka dume wa panya. Ukitaka dume asiishi mpweke, njia ninayoiamini ni kumhasi kwa daktari anayewajua wanyama wadogo, asubiri wiki kadhaa, ndipo aishi na majike.

Sasa maoni yangu, nawe ndiye mwenye nyumba: msizalishe. Kama binti ameshikilia kabisa, basi azalishwe jike mmoja, aliyefikisha angalau miezi 3, mumpeleke yeye kwenye kizimba cha dume kwa wiki moja, joto lao huzunguka kila siku 4 au 5, kisha arudi kwa mwenzake. Dume asiwepo siku ya kuzaa. Na kabla ya yote tafuteni nyumba za watoto 10 au zaidi, watu waliokubali kwa mdomo wao.

Kuhusu usafi, najua ulivyo. Usioshe kizimba chote kwa sabuni kila baada ya siku mbili kama nilivyokuwa nikifanya. Unawafutia majina yao, wanaanza kukojoa upya kila pembe na kusukumana. Badilisha maranda yaliyolowa, lakini lile konzi la karatasi za kiotani lirudishe. Na mwambie binti asimshike panya mkia. Chuo kile kile cha Liverpool, mwaka ule ule wa 2010, walionyesha kwamba panya anayebebwa kwa kukingiwa viganja au ndani ya bomba haogopi watu kama yule anayeinuliwa kwa mkia. Bomba la karatasi ya chooni linatosha. Aliweke chini, asubiri, mwenyewe ataingia.

Mama mkwe akicheka tena kwenye simu kwamba mnafuga panya Marekani, mkumbushe Morogoro. Mimi na wewe tulipita geti la SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kila siku ya shule, na humo ndimo panya buku wanapofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa aliyepewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia alilelewa pale. Huyo ni buku, mkubwa kuliko Tende wako mara nyingi, lakini ni pua ile ile.

Jambo la mwisho, na ulifanye leo. Waingize kwenye boksi la plastiki linaloonyesha, uwapige picha kwa chini, kila mmoja peke yake. Jike utaona safu za chuchu, na matundu yake mawili yapo karibu karibu. Kwa dume yameachana. Nitumie picha kabla ya Jumamosi, maana huyo aliyekuuzia ndiye aliyekuhakikishia kuwa wote ni majike, na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji. Binti mwambie Kashata bado yupo, amepita miaka miwili, anatembea polepole na anapenda mbegu za maboga.

Shoga yako