Besi si lazima iwe na hidroksidi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ukurasa wenu wa wanafunzi uliofafanua asidi na besi kwa mistari miwili: asidi ni kitu kinachotoa ioni za hidrojeni (ioni ni chembe yenye chaji ya umeme) kikiwa majini, na besi ni kitu chenye hidroksidi, yaani ioni ya oksijeni moja na hidrojeni moja. Mstari wa kwanza unapita. Wa pili umenisumbua, kwa sababu wanafunzi wangu hapa Kasese, Uganda, waliukata wakaubandika kwenye madaftari yao. Jambo likishachapwa gazetini, mwalimu mwenye ubao na chaki hulipinga kwa taabu.

Baadhi ya wanafunzi hawa wanatoka Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Maji yale wanayajua kwa ngozi zao. Ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kama sabuni, na mwenye kidonda mguuni akiingia ziwani huumia vibaya. Binti mmoja aliyaleta darasani ndani ya chupa ya soda. Tulichuma maua mekundu ya hibiskasi kwenye uzio wa shule, tukayachemsha kidogo, tukachuja. Tone la ndimu liliifanya rangi ile iwe nyekundu ya kung'aa. Maji ya Katwe yaliigeuza ikawa kijani. Darasa zima liliona kuwa hiyo ni besi. Ndipo binti akauliza: "Mwalimu, hidroksidi imo wapi humu? Gazeti linasema lazima iwemo."

Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana. Maji ya Katwe yana chumvi ya kawaida, yana sulfati, na yana magadi, yaani kaboneti ya sodiamu. Iandike fomula ya kaboneti hiyo, Na₂CO₃: sodiamu mbili, kaboni moja, oksijeni tatu. Hakuna hidrojeni hata moja. Basi hidroksidi inatoka kwenye maji yenyewe. Ioni ya kaboneti hunyang'anya molekuli ya maji protoni moja, yaani ioni ya hidrojeni, na molekuli iliyonyang'anywa hubaki kuwa hidroksidi. Ndiyo hiyo iliyogeuza rangi ya ua. Magadi hayakuja nayo. Imezaliwa pale majini, kwa kazi iliyofanywa na besi. Majivu ya maganda ya ndizi ambayo bibi zetu waliyachuja kutengenezea sabuni hufanya vivyo hivyo kwa kaboneti ya potasiamu. Mtoto aliyekariri ukurasa wenu ataiacha nje besi aliyokua nayo nyumbani.

Ufafanuzi mlioutumia unatokana na kazi ya Svante Arrhenius wa Sweden. Mwaka 1884, katika tasnifu yake huko Uppsala, alieleza kuwa chumvi na vitu vya namna hiyo vikiyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni. Walimu wake walimpa alama ya chini. Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Mimi pia huanza na Arrhenius darasani, tena kwa heshima, kwa sababu anaeleza kwa nini asidi ikikutana na alkali, yaani besi iliyoyeyuka majini, tunapata chumvi na maji. Na kabla yake watu walikuwa wamejaribu. Lavoisier wa Ufaransa aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake, mpaka mwaka 1810 Humphry Davy alipoonyesha kuwa klorini ni elementi, kwa hiyo asidi ya hidrokloriki haina oksijeni kabisa. Wanakemia wamezoea kuupanua ufafanuzi kila jaribio linapoonyesha kuwa umebana.

Na wa Arrhenius unabana mahali pamoja hasa: unataka maji yawepo. Chukua chupa mbili za maabara, moja ya amonia na nyingine ya asidi ya hidrokloriki iliyo nzito, zifungue zikiwa karibu, dirisha likiwa wazi. Zile gesi mbili zikikutana hewani hutokea moshi mweupe mzito, unaotua taratibu mezani kama unga. Unga huo ni kloridi ya amonia, chumvi kamili, iliyotengenezwa hewani bila hidroksidi yoyote kushiriki. Amonia ni NH₃. Imepokea tu protoni kutoka kwa kloridi ya hidrojeni, gesi itokayo kwenye ile chupa ya asidi. Mwaka 1923 Johannes Brønsted huko Copenhagen na Thomas Lowry huko Uingereza, kila mmoja kivyake, walisema hivyo hasa: asidi hutoa protoni, besi hupokea protoni. Kwa kauli hiyo maji huwa asidi mbele ya amonia na huwa besi mbele ya kloridi ya hidrojeni. Wanafunzi wangu hukunja uso wakisikia kitu kimoja kina kazi mbili. Nafurahi wakikunja uso, maana hapo wameanza kufikiri.

Mwaka huohuo Gilbert Lewis wa Berkeley, Marekani, alikwenda mbali zaidi: besi hutoa jozi ya elektroni, asidi huipokea. Wenzangu wengine husema hili liachwe mpaka kidato cha tano. Sikubaliani nao. Katika mitihani ya vitendo watoto wetu hukariri kama sala kwamba ioni za shaba zikitiwa amonia hutoa mashapo, yaani chembe zisizoyeyuka, ya bluu hafifu, na amonia ikizidi mashapo huyeyuka, myeyusho ukawa wa bluu iliyokolea. Wanaandika, wanapata alama, na hawajaambiwa walichokiona. Molekuli za amonia zimeizunguka ioni ya shaba na kuipa jozi zao za elektroni. Shaba ile, ambayo migodi ya Kilembe juu ya mji wetu inajulikana kwayo, hapo imekuwa asidi, na haina hidrojeni ya kumpa mtu. Kwa nini tuwaonyeshe rangi nzuri hivyo halafu tuwafiche maana yake?

Sidai mjaze ukurasa kwa historia yote hii. Najua nafasi ni ndogo. Lakini mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa vitu vinavyomzunguka. Akiletewa orodha ya hidroksidi ya sodiamu, amonia na magadi, aulizwe zipi ni besi, kwa ukurasa wenu atachagua moja tu. Jibu sahihi ni zote tatu.

Naomba toleo lijalo mchapishe masahihisho, hata kwa maneno haya machache: "Majini, asidi huongeza ioni za hidrojeni na besi huongeza ioni za hidroksidi, hata kama besi yenyewe haina hidroksidi ndani yake, kama vile amonia na magadi. Kwa upana zaidi, asidi hutoa protoni na besi hupokea." Hayo yanatosha kwa kidato cha pili, na hakuna mwalimu wa kidato cha tano atakayelazimika kuyafuta.

Mwalimu wa kemia,
Kasese