Mashine za kusikia: sauti kubwa sio kusikia vizuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji niongelee haya matangazo ya mashine za kusikia maana yamezidi, ukifungua simu yapo, kwenye gazeti lenu yapo, na hapa Kigoma mjini machinga wanazitembeza wamezichanganya na chaja na earphone. Zote wanaziita shimesikio, yaani mashine halisi ya kumsaidia mwenye upungufu wa kusikia. Hapana jamani, nyingi ni vikuza sauti tu, vinapandisha kila sauti bila kuchagua, na ukimuuliza muuzaji anakujibu "hii inavuta hadi mita mia", sasa nani anataka kusikia mita mia, mtu anataka amsikie mkewe anayemuita kula.

Mzee wetu kakaa na injini za boti pale Kibirizi miaka na miaka, masikio yakachoka. Sio kiziwi, sauti anaisikia ila maneno hayashiki. Basi kila mtu kwenye ukoo akaja na dawa yake, mmoja kanunua ya elfu arobaini mtaani, shemeji aliyeko Marekani katuma shimesikio ya Sony CRE-C10, na mtoto wa dada ana AirPods Pro 2, earphone za Apple zisizo na waya, akamwazima babu yake. Mzee kazivaa zote kwa zamu na sisi tukawa tunamtega.

Mtego wetu ni huu na yeyote anaweza kuufanya bure: kaa nyuma yake asione mdomo, washa redio kidogo, halafu taja namba ovyo ovyo, sita, tisa, saba, tisa, sita. Sita na tisa ndio zinaumbua mashine, kwa sababu irabu zake ni zile zile na kinachozitofautisha ni s na t zimekaa wapi, na hizo ni sauti nyembamba za juu ambazo ndio za kwanza kupotea kwa wazee na kwa watu wa kelele za injini. Kile cha mtaani kilipandisha kila kitu kwa pamoja, besi ambayo mzee alikuwa nayo tayari ikaongezeka, s ikabaki pale pale, kwa hiyo anasikia mtu anaongea kwa nguvu zaidi lakini bei ya dagaa bado anaikosea. Chumbani kimya mkiwa wawili kinasaidia, siwezi kukikataa. Ila kampeleke sokoni Mwanga, bodaboda, spika ya tangazo, sufuria zinagongana, vyote vinamuingia sikioni sawa sawa na kinaanza kupiga mluzi, mzee akakivua akakitia mfukoni.

Hizi nyingine mbili zinafanya kazi tofauti. Unapimwa kwa simu kwanza, kifaa kinajua sikio limepungua wapi kinaongeza hapo, na ikija sauti kubwa ghafla kinaibana isikupasue. Sita na tisa akaanza kuzipata. Sony ni kadogo kanazama ndani ya sikio, mtu haoni, lakini kalipoanza kuuzwa kule bei ilikuwa kama dola 1,000 kwa jozi. AirPods zilitoka kwa dola 249 na Septemba 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaruhusu zitumike kama shimesikio, kwa bei hiyo sijaona cha kushindana nazo, ila bila iPhone au iPad huna kitu, chaji ni kama masaa sita hivi, na kipengele chenyewe cha shimesikio hakijafunguliwa nchi zote kwa hiyo uliza kabla hujatoa hela. Halafu kuna aibu yake, mzee kaenda nazo msibani watu wakasema anasikiliza muziki.

Kwa hiyo mimi nasema kama iPhone tayari ipo nyumbani anza na hizo, kama haipo bora mchange taratibu mpate ya kujipima kuliko kununua cha elfu arobaini kila kikifa. Na kabla ya yote mzee apelekwe hospitali aangaliwe, inawezekana ni nta tu imeziba. Sikio likitoa usaha, likiuma, au limekufa ghafla upande mmoja, hapo usinunue chochote, ni daktari. Watoto ndio kabisa, hizi za kujinunulia ni za miaka 18 kwenda juu wenye upungufu mdogo au wa kati.

Kwenu Mhariri. Marekani shimesikio hizi za kujinunulia zimeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari tangu tarehe 17 Oktoba 2022 lakini ziliwekewa ukomo wa ukubwa wa sauti, desibeli 111, au 117 kwa zile zinazobana sauti kubwa, na boksi lazima liseme kama unaweza kurudisha au la. Sasa nyie mnapopokea hela ya tangazo mwambieni muuzaji aandike ni kikuza sauti au ni shimesikio, ukomo wake ni desibeli ngapi, kinarudishwa au ndio kwaheri, na kama TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wanakitambua. Akigoma kuandika msimtangaze.

Mwisho naomba msaada wa wasomaji, hiyo Sony inakula betri namba 10, zile zenye stika ya njano. Duka gani Kigoma wanazo? Mzee zake zinakaribia kuisha na shemeji haji mpaka Desemba.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma