Mabomba ya sindano yaendelee kuuzwa

Ndugu Mhariri,

Mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi umeazimia kwamba maduka ya dawa yasimuuzie kijana bomba la sindano bila cheti cha daktari, ili kuwazuia wanaojidunga heroini. Watu walipiga makofi. Mimi nauza dawa katika mtaa huohuo na sikupiga. Naomba nafasi nieleze kwa nini azimio hilo litatugeukia wenyewe.

Chanzo chake ni cha kweli, silibishii hilo. Kwenye mtaro nyuma ya soko ziliokotwa sindano zilizotumika, na mtoto mmoja alikutwa akichezea moja, anajifanya daktari. Mzazi gani asingepandisha hasira? Lakini tujiulize sindano ile ilifikaje mtaroni. Anayejidunga heroini hana pa kuitupa. Akipekuliwa akakutwa nayo mfukoni, inageuka ushahidi, kwa hiyo akimaliza anaiacha palepale. Au anaichomeka kwenye ufa wa ukuta, na mwenzake aliyekosa anakuja kuichomoa. Mimi ya ukutani inanitisha kuliko ya mtaroni.

Wanaokuja dukani kwangu nawajua kwa sura. Hawaji kwa fujo. Kijana anasimama pembeni mpaka wateja wapungue, halafu anasogea: "Shikamoo mama. Naomba bomba moja, la bibi, ana sukari." Bibi huyo ana wajukuu wengi kweli, maana wote humnunulia yeye. Namuuzia. Wapo wenzangu wa biashara hii wanaokataa, na yupo anayepandisha bei mara tatu kwa sababu anajua mtu mwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, hana nguvu ya kubishana. Basi bomba moja linatumika na watu watatu, wanne, linasuuzwa kwa maji ya chupa ya soda na kupokezanwa.

Waliopiga makofi pengine hawajaona arosto. Mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, anatetemeka kwenye jua la saa saba. Huyo haahirishi kujidunga eti kwa sababu duka la dawa limemkatalia. Anaazima. Na ndani ya bomba la kuazima kuna damu ya mwenye nalo. Virusi vya homa ya ini aina ya C vinaweza kukaa humo wiki kadhaa vikiwa bado hai. Ukimwi ndiyo usiseme: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima wa Tanzania, lakini tafiti za miaka ya nyuma zilizofanywa Dar es Salaam kwa wanaojidunga zilikuta zaidi ya mmoja kati ya watatu. Na mateja, hao wanaotumia dawa za kulevya, hawaishi kisiwani. Wana wake, wana wapenzi, wengine wana watoto wanaosoma na wa kwetu.

Mzee mmoja aliniambia mkutanoni, "Mama, wewe unawafuga." Nilimjibu kwa heshima, na namjibu tena hapa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri kwa zaidi ya miaka 20 kwamba wanaojidunga wapatiwe sindano safi, kwa sababu maambukizi hupungua na idadi ya watumiaji haiongezeki. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Februari 2011 serikali yetu ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mpango wa kwanza wa umma wa aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Mgonjwa anakunywa kikombe chake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia siku nzima, hahitaji kuiba kioo cha gari la mtu ili apate kete. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kwa hiyo tunaposema teja ni mgonjwa hatuigi wazungu. Ni sera ya nchi hii, ila haijashuka mpaka kwenye mikutano ya mitaa.

Duniani nako upepo umebadilika. Machi 2024, huko Vienna, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipitisha kwa mara ya kwanza azimio linalotaja waziwazi upunguzaji wa madhara, yaani kumkinga mtumiaji na magonjwa na kifo hata kama bado hajaacha. Lilipigiwa kura, jambo ambalo si kawaida yao: nchi 38 ziliunga mkono, Urusi na China zikapinga, sita hazikuelemea upande wowote. Ureno tangu 2001 haimpeleki mahakamani anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe. Anapelekwa mbele ya jopo lenye watu wa afya na ustawi wa jamii, na maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga huko yameshuka sana. Ghana, Waafrika wenzetu, mwaka 2020 waliondoa kifungo kwa kosa hilo wakaweka faini. Hata Juni 26, siku tunayoandamana kupinga dawa za kulevya, tangu 2013 inatumiwa na wanaharakati wa nchi nyingi kudai kwamba mtumiaji asaidiwe badala ya kuadhibiwa. Kwetu siku hiyo ikikaribia mara nyingi ni defenda tu, vijana wanazolewa stendi, wiki mbili wamerudi.

Sitetei wauza unga. Akamatwe anayeleta mzigo, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 ina meno ya kumtosha. Ila huyo sijawahi kumwona amelala mtaroni.

Kuna na hili la naloksoni, ambalo mkutanoni halikutajwa kabisa. Ni dawa inayomzindua mtu aliyezidisha heroini na kuacha kupumua. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri hata ndugu na marafiki wafundishwe kuitumia. Kijiweni anayezidisha humwagiwa maji na kupigwa makofi. Kumkimbiza hospitali wenzake wanaogopa, wakihofia kuulizwa walikuwa wanafanya nini naye.

Mwenyekiti ameahidi kikao kingine kabla ya Juni 26. Naomba mganga mkuu wa manispaa aalikwe, na waitwe pia vijana wawili watatu wa kijiweni waulizwe wenyewe, maana tumewajadili saa mbili nzima bila hata mmoja wao kuwepo. Boksi la njano la kurudishia sindano, kama yale ya zahanati, nitalinunua mimi na kuliweka dukani. Kinachotakiwa ni hospitali ikubali kulipokea likijaa ili likachomwe, na polisi wakubali kwamba kijana anayeleta sindano yake hatasubiriwa mlangoni kwangu.

Mama muuza dawa,
Moshi